Choo Alichojenga Baba Mkwe

Jumanne, 6 Mei

Na tena siyo kwamba nimechoka kupika, kama nilivyoandika jana. Ni kwamba nikiwa jikoni simwoni. Chumba chetu kimegawanywa kwa pazia, jiko upande huu, kitanda na meza upande ule, naye anakaa mezani na karatasi zake kimya kama yuko kanisani. Leo nimefungua pazia mara sita bila sababu. Mara ya saba akaniuliza, "Lina, unatafuta chumvi tena?" Nikasema ndiyo. Chumvi nilikuwa nimeishika mkononi.

Siku kumi tangu tufunge ndoa. Mume wangu. Fausti, mume wangu. Leo kazini nimelichapa neno hilo kwenye karatasi ya kujaribia printa, mara nyingi, kwa herufi kubwa, nikaichana kabla bosi hajaiona. Stashonari nzima ingenicheka.

Yuko mwaka wa tatu, wa mwisho, shahada ya afya ya jamii. Chuo kiko Dodoma, ila utafiti wake ameufanyia kwao Sigino, kwa hiyo hadi autoe mikononi yuko hapa Babati na mimi. Zamani alikuwa muuzaji kwenye duka la dawa. Akaacha. Alisema amechoka kumuuzia mama yuleyule dawa ya kuharisha ya mtoto yuleyule, anataka kujua mtoto anaugulia wapi. Nilimpenda siku aliyosema maneno hayo. Nilikuwa nimekwenda kununua panadol.

Utafiti wake ninauchapa mimi. Form four yangu na vidole vyangu kumi. Najua swali la kwanza hadi la mwisho kuliko yeye.

Jumatano, 7 Mei

Siku mbaya. Msimamizi wake amerudisha ripoti. Nimeifungua mwenyewe kwenye kompyuta ya kazini, imejaa maandishi mekundu. Mengi ni ya kawaida, nukta na majedwali. Moja tu limemuua Fausti. Anaandika hivi: Umesema karibu kila kaya ina choo na inakitumia. Umesema zahanati ya hapohapo haiishi watoto wanaoharisha. Sasa wanaugua kutokana na nini? Hujajibu. Rudi ukajibu.

Amepewa hadi Jumanne ya tarehe ishirini. Asipofika na jibu hatahitimu na wenzake. Mwaka mzima wa kusubiri.

Aliisoma mara mbili. Akasema maji, labda ni maji. Akasema lakini maji alishayaandika. Akatoka, akaenda kuzunguka hadi kule ziwani, akarudi viatu vimejaa tope.

Nilimvua viatu. Hakuona kwamba nimemvua.

Ijumaa, 9 Mei

Fausti hataki kula. Chakula anakigeuza tu. Nimempikia maharage na loshoro, mahindi ya maziwa mgando, chakula cha kwao, Mama mkwe alinifundisha kwenye simu. Akasema tamu, akaacha nusu.

Mimi pia situlii. Nakaa, nasimama. Nimefua mashuka yaliyo safi. Nikimwangalia anavyofunua zile karatasi moja moja natamani niwe na akili ya chuo hata kwa siku moja, nimpe hilo jibu, nimwone anacheka. Kesho tunakwenda Sigino kwa wazazi. Mama atamchangamsha.

Jumamosi, 10 Mei

Sigino. Naandikia chumbani kwa Yasinta, wifi yangu, yeye anasuka ukili na kunichungulia. Nimemwambia ni hesabu za kazini.

Napapenda hapa! Mahindi yamenizidi kimo, maharage yanaanza kukauka katikati yake. Na Baba. Baba mkwe ananiita mama. "Karibu, mama." Nilimwamkia nikapiga magoti hadi sketi ikapata tope. Mimi nimelelewa na mama peke yake kule nyuma ya soko, nyumbani kwetu hapakuwa na baba wala babu, sijui mwanaume mzima anakaaje sebuleni. Sasa nina baba. Haniangalii usoni sana, na kigoda chake anakiweka mbali na changu. Aibu za wazee. Nampenda hivyohivyo.

Na choo! Alikijenga kwa ajili ya harusi. Matofali ya kuchoma, bati jipya, mlango wenye komeo kwa ndani. Nje kuna kibuyu chirizi, lile dumu la kuning'iniza, unakanyaga kijiti maji yanatoka, sabuni imefungwa kwa kamba pembeni. Mama anasema Baba aligoma kabisa. Alisema hawezi kumpokea mke wa mwanawe kwenye choo cha mabua na huku mwana mwenyewe anasomea afya. Alichimba shimo kwa mikono yake wiki tatu.

Kwa ajili yangu. Nimekwenda chooni mara nne leo, mbili kwa heshima tu.

Jumapili, 11 Mei

Nimeamka mapema nichote maji kabla ya misa. Baridi. Nikamwona Baba anatoka katikati ya mahindi, jembe begani, suruali imelowa umande hadi magotini. Nikafurahi moyoni, mzee gani huyu, Jumapili alfajiri yuko shambani. Alipoona naja akakata kona, akarudi ndani ya mahindi. Nikaduwaa na ndoo yangu.

Wakati wa kuosha vyombo nikamsifia kwa Yasinta. Nikasema Baba ni mchapakazi, hata leo kaamkia palizi. Yasinta akaniangalia, akacheka hadi akakaa chini.

"Palizi mwezi wa tano, wifi? Wewe kweli mtoto wa mjini."

"Sasa anafanya nini?"

"Anafanya unachofanya wewe mle ndani ya bati. Ulitaka aende wapi?"

Sikuelewa. Akanieleza polepole kama mtoto. Baba mkwe hachangii tundu na mke wa mwanawe. Haiwezekani. Ni kuvuliana nguo. Tangu siku nilipoingia mle mara ya kwanza, siku ile ya harusi, Baba hajakanyaga tena. "Choo ni chako sasa, mama mwenye nyumba. Kafunge na kufuli." Halafu akaacha kucheka. "Na usimwambie kaka wala mtu. Haya hayasemwi."

Wiki tatu za kuchimba. Amekitumia siku ngapi? Nimeona aibu mpaka masikio yamewaka. Misani sikusikia hata somo moja.

Jumatatu, 12 Mei

Niko kazini, mteja hakuna, naandika chini ya meza.

Nimelifungua tena lile jedwali la Fausti nirekebishe mistari. Je, kaya ina choo? Ndiyo. Je, choo kinatumika? Ndiyo. Ndiyo, ndiyo, ndiyo, ukurasa mzima, nilizichapa mwenyewe mwezi wa tatu na sikuwaza kitu. Leo nimezisoma upya moja moja. Nani alijibu? Aliyekuwepo nyumbani mchana. Mama mwenye nyumba, au mkwe. Wao wanakitumia, wamesema kweli. Hakuna aliyemuuliza mzee. Na Sigino nyumba ngapi zina mtoto wa kiume aliyeoa na bado anakaa kwa baba yake? Nyingi. Karibu zote zile za upande wa mto.

Wazee wako kwenye mahindi. Mvua ikinyesha inateremsha kila kitu mtoni. Watoto wanachota hukohuko, wanachezea hukohuko.

Hilo ndilo jibu lake. Ninalo mimi. Nimekaa nalo kama nimemeza jiwe.

Nikisema, namwanika baba yake. Mke wa wiki mbili, napeleka choo cha mkwe wangu chuoni kwa maandishi! Nisiposema, Fausti anapoteza mwaka. Nimechapa barua ya mteja nikaandika Mutuka, kijiji chake, mara mbili na jina lake nikaliruka.

Jumanne, 13 Mei

Nimesema.

Nilizima jiko, nikakaa kitandani, nikamgeuzia mgongo ili niweze. Nikasema yote, mahindi, umande, jembe. Nikasubiri akasirike. Nikageuka. Amefunika uso kwa mikono, nikadhani analia.

"Najua," akasema. "Lina, hilo nalijua tangu mtoto. Babu yangu alikuwa hivyohivyo. Kila mtu pale analijua." Anasema alipokaa chuoni kuandika maswali, aliandika maswali ya chuoni. Hilo halikumjia hata kidogo. Lilikuwa la nyumbani, la kuzaliwa nalo, nani angeliandika? Darasani kwake hakuna hata mmoja aliyeliandika, wala wale wa kutoka kwao.

Akanibusu paji la uso, mkono, kidole cha pete. Akala sahani mbili! Mume wangu mzuri. Ameandika swali jipya kwa kalamu: Je, katika kaya hii kuna mtu asiyekitumia choo? Nani, na kwa nini? Nimerudi stashonari nikalichapa na kulitolea nakala leo hii hii.

Bado wiki moja.

Alhamisi, 15 Mei

Amerudi mikono mitupu. Amezunguka Sigino siku mbili na swali letu. Wanawake wanaangalia chini, wanasema kamuulize mwenyewe. Wazee wanamfukuza kwa adabu, na wengine bila adabu. Mmoja, rafiki wa Baba wa miaka yote, alimwambia, "Wewe mtoto nimekushika ukiwa na kamasi. Leo serikali imekutuma uje kuona ninapochuchumaa?" Wote waliokuwa pale wakacheka. Fausti naye alicheka, anasema. Hapa hacheki.

Nikamuuliza kwa nini asianze na Baba. Akaniangalia kama nimemtukana. Mwana hawezi kumuuliza baba yake hivyo.

Basi hakuna wa kuuliza. Siku tano.

Nimegombana na mteja kuhusu picha za pasipoti. Kosa lilikuwa langu.

Jumamosi, 17 Mei

Sigino tena. Nimeamua jambo langu, sijamwambia mtu. Sitaingia kwenye kile choo. Nikikiacha, kitarudi kuwa cha Baba. Labda akikirudia, wengine wataona, sijui. Kwa vyovyote vile siwezi kukaa mle ndani na kusikia komeo likilia nikijua yeye yuko kwenye umande.

Chai ya asubuhi sikunywa. Uji nusu kikombe. Mchana nikashindwa. Nikaruka mfereji hadi kwa Mama Emili, jirani, mjane mkarimu, nikaomba choo. Akashangaa. "Cha kwenu kimeziba?" Nikasema hapana. Nikasema tu naomba. Jioni nikaenda tena. Akaniangalia vile watu wanavyomwangalia mtoto wa kambo, akanipa na ndizi.

Fausti ameniuliza kwa nini nimenyong'onyea. Nikasema nakupenda. Ni kweli, ila halikuwa jibu.

Jumapili, 18 Mei

Nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Baada ya misa akina mama wakanizunguka. Mama mmoja nisiyemfahamu akanishika mkono. "Pole, mwanangu. Wakikunyima na maji uje kwangu." Nikasema nani kaninyima? Wakaguna wote. Ndipo nikajua Mama Emili amesema. Kanisa zima linajua kwamba mke mpya wa Fausti amekatazwa choo na wakwe zake, anaomba kwa majirani. Choo chenye bati jipya! Wanakidhania ni cha maonyesho.

Baba alikuwa ameshasikia upande wa wanaume. Alitembea mbele yetu hadi nyumbani bila kugeuka. Akatukalisha uani, Mama, Yasinta, Fausti na mimi. Hakuzungumza na mimi, alizungumza na Fausti.

"Muulize mke wako. Katika nyumba hii amenyimwa nini?"

Fausti akanigeukia, hajui hata kinachoendelea. Nilijua nikifunga mdomo ataaibika mbele ya Sigino yote kwa kosa ambalo hajalifanya, na nikifungua ataaibika hapa mbele ya watoto wake. Nikafungua.

"Sijanyimwa kitu, Baba. Mimi ndiye niliyekunyima wewe. Umechimba wiki tatu, nimekuja nimekuweka nje. Nilitaka nikuachie."

Kuku akapita katikati yetu, hata yeye tulimsikia. Baba alitazama chini. Yasinta akajifunika khanga usoni. Halafu nikaona mabega ya Mama yanatikisika, nikadhani analia kwa ajili yangu. Alikuwa anacheka. Anacheka machozi yanamtoka.

"Baba Fausti," akasema, "huyu mtoto kazuia mkojo siku mbili kwa ajili yako. Mimi miaka thelathini na mitano sijawahi."

Baba akachukua kofia yake akatoka. Akapotelea njiani.

Nilijua nimempoteza. Baba niliyempata juzi. Nikaingia chumbani kwa Yasinta, nikakaa chini nyuma ya mlango, sikutaka hata Fausti anishike. Nikaanza kukunja nguo zangu.

Baba alirudi saa nane mchana. Sauti yake nje, imetulia. "Fausti. Lete hizo karatasi zako. Anza na mimi." Mama akaja mbio kuniambia nitoke nyuma, kwa sababu majibu hayo si ya kusikia mimi. Tukatoka na Yasinta hadi mfereji wa mbali, tukakaa huko tukila ndizi za Mama Emili. Tulikaa hadi mchwa wakatupanda.

Tuliporudi wote wawili hawapo. Mama anasema Baba amemshika mwanawe mkono kama anampeleka shule, wamekwenda kwa wazee wenzake, mmoja mmoja. Kila nyumba Baba anatangulia kusema, mimi nimeshajibu, sasa wewe jibu. Walirudi jua linazama, Fausti na bahasha nene kifuani. Hakusema kitu mbele za watu. Aliniangalia tu. Sijui kuandika alivyoniangalia.

Baba aliponipita alisema, "Mama, kunywa chai." Basi. Nikanywa vikombe vitatu.

Jumatatu, 19 Mei

Nimechapa tangu asubuhi, bosi ameniruhusu, vidole havinisikii. Umeme ulikatika saa tano, ukarudi saa saba, nilizunguka stashonari kama mwehu. Majibu yanafanana na hayafanani. Mmoja anakwenda mahindini. Mmoja anasubiri wakwe walale. Mmoja amechimba kijishimo chake nyuma ya zizi, na hataki kijulikane. Wengi wamesema wangejenga cha pili kama jambo hili lingekuwa linasemeka.

Dodoso la Baba sikulisoma. Nililigeuza kifudifudi, nikamwita Fausti aje alichape mwenyewe. Amelichapa kwa vidole viwili, taratibu, mimi nimeangalia barabarani.

Ripoti tumeifunga kwa jalada la plastiki.

Jumanne, 20 Mei

Basi limeondoka saa kumi na mbili asubuhi. Alikaa dirishani. Nilikimbia kando ya basi hadi mwisho wa stendi, makondakta wakanishangilia. "Shemeji, panda tu!" Sina haya tena.

Chumba kikubwa ghafla. Pazia sina sababu ya kulifungua.

Mchana, ujumbe: nimemkabidhi. Hakuna zaidi. Nimeusoma hadi chaji ikaisha.

Alhamisi, 22 Mei

Leo kumetulia. Mawingu tu, wateja wachache.

Fausti alipiga asubuhi. Msimamizi amesoma. Amempa marekebisho ya kurasa mbili, na amemwandikia jina kwenye orodha ya watakaowasilisha na wenzao. Atabaki Dodoma wiki mbili. Alikuwa anaongea harakaharaka, ile sauti ya duka la dawa. Anasema msimamizi alimuuliza, jambo hili umelipataje, naye akajibu, nimeoa.

Nilikaa na jibu hilo siku nzima.

Saa tisa simu ikalia, namba ya Baba. Hajawahi kunipigia. Nilisimama kabla ya kupokea. Shikamoo Baba. Marahaba, mama. Akauliza Babati kumenyesha? Nikasema bado. Akasema kwao kidogo. Akasema maharage wameanza kung'oa. Hakuna aliyekata simu. Nikamsikia anapumua kama mtu aliyetoka kazini, na jembe linagonga jiwe, na sauti ya Mama nyuma inamwambia aulize sasa. Hakuuliza. Akasema tu kwamba anachimba kidogo pale upande wa zizi, na wazee wawili wamekuja kutazama wanavyopaswa kuchimba kwao.

Kisha akauliza nitakuja lini. Siyo tutakuja. Nitakuja.

Nikamwambia kwamba Fausti hayupo hadi mwezi ujao. Akasema anajua.

Nimemwahidi. Kabla mwezi haujaisha nitafika Sigino, mwenyewe.